Saa Kumi na Tano za Tahir

Nawaambia mapema: nna hasira, na anayetaka kusikia habari za marehemu Bi Mwanamwema kwa sauti ya upole aende kwa mtu mwengine. Mimi ni mwanawe, Nusrat. Nimezaliwa Jang'ombe, nimeolewa Jang'ombe, nimeachika Jang'ombe, na mama yangu nimemuuguza Jang'ombe kwa mikono yangu hii miwili. Ndugu yangu Tahir, kitinda mimba wake, yuko Toronto, Kanada. Tupo wawili tu, yeye na mimi.

Mama alikuwa mwosha maiti. Si kazi ya kuajiriwa ile, ni ya kuitwa. Akifa mwanamke mtaani petu, au Kikwajuni, hata Bububu kwa jamaa zetu, mtu anakuja mbio kugonga mlango: "Bi Mwanamwema, tumefikwa." Mama hamuulizi aliyekufa ni nani, tajiri au fukara, alikuwa akisalimiana naye au walinuniana. Anajitupia buibui, anachukua mfuko wake wa karafuu maiti na ubani, anatoka. Chakula kama kilikuwa mbele yake kinabaki pale pale kinapoa.

Na usidhani alikuwa mtu wa majonzi. Alaa! Mama alikuwa mkorofi, mpenda halua, mcheshi wa kukutoa machozi. Jioni alikuwa akitazama tamthilia za Kituruki na kumtukana mama mkwe wa kwenye televisheni kama yuko pale barazani. "Mtazame! Mtazame hana haya huyo!" Majirani walikuwa wakija kumtazama yeye, si tamthilia.

Mimi alinifundisha kuosha nlipokuwa bado mwari. Mara ya kwanza nlitetemeka mpaka kata ya maji ikanianguka. Akaniokotea, akanirudishia mkononi. "Unaogopa nini wewe? Huyu hakusengenyi, hakuonei kijicho, hana neno na mtu. Ogopa hao waliokaa ukumbini." Bi Shemsa, jirani yetu aliyekuwa akimsaidia kazi hiyo toka ujana wao, akacheka, na mimi nkacheka, Mungu anisamehe, na tokea siku ile sikutetemeka tena.

Siku moja akaja kuitwa kumwosha bibi mmoja aliyekuwa amewekwa chumba cha baridi siku kadhaa, watoto wake wa Ulaya wanangojewa. Mama alirudi jua limeshapinduka, akakataa kula. Akakaa juu ya mkeka, mikono ameilaza mapajani, ameitazama. "Nusrat, leo nimeosha barafu," akanambia. "Vidole havikunjuki. Mwanawe kaja kumbusu paji la uso, karuka nyuma kama kaungua." Halafu akaninyooshea kidole. "Nikifa mie, msinitie kwenye friji kama samaki mkamngoja mtu. Mtu yeyote. Umesikia?"

Nkamuuliza, kwa kumchokoza tu, "Hata Tahir?"

Akaitazama tena mikono yake. "Nshasema mtu yeyote," akasema, kisha akaomba halua yake. Bi Shemsa alikuwepo, akasikia kama nlivosikia mimi.

Sasa huyo Tahir. Aliondoka kijana hana hata ndevu za maana, na zaidi ya miaka kumi imepita hajarudi hata mara moja. Kupiga simu anapiga, siwezi kumsingizia. Na mama kila siku ya Mungu, asubuhi au jioni, ilikuwa lazima aulize: "Kwa Tahir sasa usiku au mchana?" Namwambia usiku, mama. "Basi kalala." Namwambia mchana. "Basi yuko kazini." Ndege ikipita juu ya bati letu kuteremkia uwanjani, anainua uso: "Hiyo yatoka wapi?" Namwambia Dar es Salaam, mama, au Pemba. Anarudi kwenye tamthilia yake.

Alipopigwa na kiharusi, mguu na mkono wa kushoto vikalala, alianza kumwomba. Mama yangu, asiyemwomba mtu chumvi, akamwomba mwanawe. "Njoo nikuone, baba. Njoo japo wiki." Na Tahir jibu lake lilikuwa moja, mwaka nenda mwaka rudi. Safari ndefu mno, mama. Siku mbili njiani, mama. Ndege tatu, mama, na kulala viwanjani, likizo yote itaishia hewani. Mama akishakata simu anageuka kwangu, maana anaujua uso wangu. "Usimlaumu mdogo wako. Mbali huko."

Mbali! Mimi kazi yangu ni kutandika vitanda kwenye hoteli moja ya Shangani, mle Mji Mkongwe. Kila siku navua mashuka waliyolalia watu walioshuka ndege. Akaja bibi mmoja mzee, magoti mabovu, anatembea na fimbo, ngazi zile za nyumba za kale anazipanda kwa kujivuta. Nkamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza ametoka wapi. Toronto. Moyo ukanipasuka. Umekujaje? Akacheka, akanambia kapanda ndege tatu, kalala kwenye kiti cha uwanja wa ndege wa watu, siku nzima na zaidi. Na hapa kwetu umefuata nini, bibi? Akanionyesha picha kwenye simu. Kima punju. Kaja kuwaona kima punju, wale wekundu wa msitu wa Jozani.

Nlitoka na mashuka yangu, nkajifungia chumba cha kufulia, nkalia kwa hasira. Si kwa huzuni, kwa hasira. Mtu na magoti yake mabovu anakuja huku kumtazama kima juu ya mti, na mtoto mwenye miguu mizima hawezi kuja kumtazama mamaake! Jioni nkampigia Tahir nkamwambia hivo hivo, neno kwa neno. Akasema, "Huyo mstaafu, Da Nusrat. Mie nna kazi." Mama kitandani ananipungia mkono wake mzima ninyamaze.

Alikufa Alhamisi asubuhi. Alikunywa uji vijiko viwili vitatu, akaniuliza jambo moja, nkamjibu, akanijibu na yeye, na hilo nitalisema mbele. Akageuza uso upande wa kibla. Nlikuwa namfuta mdomo, nkaona kitambaa kinakwenda na yeye hayupo. Nkamfumba macho kama alivonifundisha, nkamfunga taya, nkamnyoosha mguu wake ule uliolala. Halafu ndipo nkapiga ukelele.

Mjomba Mbarouk, ndugu pekee wa mama na ndiye mkubwa wetu, alifika haraka. Alilia kwa kwikwi, mzee wa watu, kofia mkononi. Kisha akatoa simu akampigia Tahir, akaweka sauti ya nje ukumbini tusikie wote. Tahir akapokea na usingizi. Alipoambiwa, akapiga kelele iliyotuchana sote, na hapo, wallahi, nlimwonea huruma. Huruma hiyo haikudumu.

"Msimzike!" akasema. "Msimzike mama yangu, nakuja! Ngojeni." Tukamsikia anabofya bofya. "Nishaona hapa. Kutoka uwanja wa huku mpaka uwanja wa Unguja, kilomita elfu kumi na mbili na kitu. Saa kumi na tano! Saa kumi na tano tu, Mjomba! Nikipanda ndege asubuhi hii ya huku, kesho kabla ya sala ya Ijumaa niko hapo."

Saa kumi na tano. Nlidhani nimesikia vibaya. Alipokata, nkaichukua simu ya Mjomba, na Tahir alikuwa keshatuma hicho alichokiona: ramani ya dunia, na mstari mmoja mwekundu umetoka kule juu umepita bahari na jangwa mpaka kwetu, umepigwa moja kwa moja. Chini yake wameandika kilomita na saa. Hizo saa ni za mstari! Ni za ndege ikiruka pale na kutua hapa bila kupumua. Na ndege hiyo haipo. Hakuna mtu aliyewahi kuipanda. Kila anayetoka kule anazunguka nchi za watu, anashuka, anangoja, anapanda tena, na Tahir ndiye aliyetwambia hivyo miaka yote ile.

"Mjomba," nkasema, "hafiki huyu. Kesho hafiki, na kesho kutwa usitie tamaa."

"Mwenyewe ametazama, Nusrat."

"Ametazama anachotaka kukiona."

Mjomba akafuta uso. "Ni mwanawe wa kiume. Yeye ndiye wa kushuka kaburini kumpokea mamaake. Siku moja tu, mwanangu. Na Ijumaa ni siku bora, msikiti utajaa." Kisha akasema neno lililonitia wazimu. Alikuwa keshampigia mtu wa gari ya hospitali; gari itakuja baada ya adhuhuri imchukue mama ikamlaze chumba cha baridi.

Nkamweleza wasia wa mama. Nkamweleza habari ya yule bibi wa barafu, na alivyoninyooshea kidole. Bi Shemsa akatoa kichwa nyuma ya pazia akasema, "Kweli tupu, Bwana Mbarouk, nlikuwepo." Mjomba akatutazama mimi na yeye. "Maneno ya jikoni hayo," akasema. "Wanawake mkikaa hamkosi la kusema." Wanaume wenziwe ukumbini wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Hakuna hata mmoja aliyemlisha mama yangu kijiko cha uji, lakini vichwa walikuwa navyo vya kutikisa.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nkawapa mgongo. Waliodhani nimekubali walikuwa hawanijui.

Nkaingia ndani. Wanawake wameshajaa, wengine wanasoma Kurani, wengine wanapanga vikombe. Kitanda cha kuoshea kimeshaletwa, ndoo zipo, majani ya mkunazi Bi Shemsa ameshayaponda, maana hakuna aliyefikiri Bi Mwanamwema atangoja.

"Bi Shemsa," nkamwambia, "tuanze."

"Wakubwa wameridhia?"

"Wakubwa wako nje."

Akanitazama. Akamtazama mama pale chini ya shuka. Akakunja mikono ya gauni lake mpaka juu ya viwiko, akasema, "Vuta pazia."

Kwetu sisi, maiti ya mwanamke ni ya wanawake. Pazia likishavutwa, mwanamme haingii, awe ndugu, awe mjomba, awe nani. Na maiti akishaoshwa akavishwa sanda hana tena pa kupelekwa ila kusaliwa na kuzikwa. Hapana mtu Unguja hii atakayemchukua aliyekwishatengenezwa, sanda imefungwa na karafuu maiti zinanukia, akamtie kwenye friji. Atakuwa kichekesho mpaka Makunduchi. Mjomba anayajua hayo kuliko mimi.

Tukamwosha. Nlianza upande wake wa kulia, kama alivonifundisha, tumemfunika kanga, maji yanapita chini ya kanga. Mwili ulikuwa bado laini. Vidole vinakunjuka. Hasira yangu ilikuwa pale pale kooni, lakini mikono haikuwa na hasira. Mikono ilikuwa ya mama. Nkaosha ule mkono uliolala, nkauosha zaidi kuliko mwengine. Bi Shemsa analia na huku anamimina. "Huyu ndiye aliyenifundisha kumimina," akawa anasema, "huyu ndiye."

Nje nkasikia gari imesimama. Halafu mlango ukagongwa.

"Nusrat! Gari imefika. Mtayarisheni."

"Nshamtia maji, Mjomba."

Waliokuwa wakisoma wakageukia mlango.

"Umesema nini?"

"Nshamtia maji. Upande wa kulia nshamaliza."

"Nani amekuruhusu?" Sauti ilikuwa inatetemeka, na sijui kama kwa hasira au kilio. "Nani amekuruhusu, wewe mtoto?"

"Mwenyewe," nkamwambia.

Akasimama pale mlangoni muda. Tulikiona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Mimi sikuacha kazi, maana ningeacha ningeanguka. Sanda mama alikuwa ameinunua zamani dukani kwa Abizer pale Darajani, mwenyewe kwa mguu wake alipokuwa mzima, na kumsumbua Abizer wa watu afungue mtumba mzima wa kitambaa cha bafta apapase ipi laini. Ilikuwa kashani pamoja na ubani wake. Tukamvisha. Tukamfukiza. Nkambusu paji la uso, na sikuruka.

Ndipo nkamsikia Mjomba, si kwetu, kwa dereva. "Nenda zako, mwanangu. Rudi zako." Kisha kwa wanaume, kwa sauti kubwa: "Mmekaa nini? Leteni jeneza!" Mama alisaliwa baada ya alasiri, akazikwa Mwanakwerekwe kabla jua halijatua. Mjomba mwenyewe, na uzee wake, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Maghribi Tahir akapiga. Hajapanda hata ndege ya kwanza. Nlipomwambia yamekwisha, alinitukana matusi ambayo sikujua bado anayakumbuka kwa Kiswahili. Nkayasikiliza mpaka yakamwishia. Ijumaa baada ya sala, wakati aliosema atakuwa mbele ya jeneza, alikuwa amekaa kwenye uwanja wa watu Ulaya. Jumamosi ndege yake ya pili ikamwacha. Jumapili, alasiri, akaingia kwetu, begi mgongoni, shati limekunjamana, macho mekundu. Ilikuwa siku ya hitima. Wanaume wanasoma nje chini ya turubai, wanawake tumejaa ndani. Hesabu mwenyewe mama angelala barafuni siku ngapi.

Hakumsalimia mtu. Watu wazima wamekaa pale, hata shikamoo hawakupata. Akapita moja kwa moja mpaka kwangu.

"Mmenidhulumu," akasema. "Wewe umenidhulumu. Umeninyima uso wa mama yangu. Saa kumi na tano tu, Da Nusrat! Ulishindwa kunisubiri saa kumi na tano?" Na akatoa simu, wallahi akatoa simu, anionyeshe ule mstari wake mwekundu.

Nkasimama. Nlikuwa na sahani ya tende mkononi, nkampa jirani, maana ningempiga nayo.

"Tahir," nkasema, "mama alipokuwa hai safari ilikuwa siku mbili. Ilikuwa ndege tatu. Ilikuwa kulala viwanjani na likizo kuisha hewani. Alikuomba mpaka mdomo ukapinda, ikawa mbali. Leo kafa, imekuwa saa kumi na tano? Nani kaisogeza Kanada? Nambie, nani kaisogeza?"

Akafungua mdomo.

"Usiseme kitu! Alikungoja huyu. Kila ndege ikipita juu ya bati hili aliinua uso. Kila ndege, Tahir! Sasa wewe umekuja kutaka angoje tena, amekufa, kwenye friji, kwa sababu umetazama ramani?"

Nje wameacha kusoma. Mjomba Mbarouk alikuwa amesimama kizingitini, hakuniambia ninyamaze.

Tahir akakaa chini. Hakukaa, alianguka akiwa amekaa, pale pale kwenye mkeka aliokuwa akikaa mama kutazama tamthilia zake. Akaiweka simu pembeni. Akawa mdogo wangu, ndivyo alivyokuwa, kitoto kile kilichokuwa kikiogopa radi. Na mimi hasira haikunitoka, msidhani ilinitoka.

"Siku ile," akasema, hata sauti haisikiki, "alinitaja?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nlikuwa nimejiwekea hilo siku tatu, nimelificha hata Bi Shemsa simwambii, nimelifungia kifuani. Nlitaka alikose. Lakini kisha nkaona hapana, alipate, limuume kama linavoniuma mimi.

"Alikunywa uji," nkamwambia. "Akaniuliza, kwa Tahir sasa usiku au mchana? Nkamwambia usiku, mama. Nkamwambia ngoja nimpigie simu, uongee naye. Nkaishika simu."

"Kisha?"

"Akanishika mkono. Akasema, kalala, msimwamshe."